Kifuko cha Tatu

Hadithi imebisha hodi, jamaa. Ikaribisheni.

Hapo kale Mwanashuru alifiwa na mama yake, Mchina aliyeolewa pwani. Mama alikuwa amemfundisha kupika vifuko vya unga vya kwao: kabichi hutiwa chumvi, hukamuliwa, kisha hufungwa ndani ya unga uliokandwa. Maji yakibaki ndani, kifuko hupasuka kikichemshwa.

Siku ya arobaini, jini akatoka kwenye mvuke wa sufuria.

"Usinikodolee macho, binti. Chemsha vitatu. Vyote vikitoka vizima, mama yako atarudi."

Akachemsha cha kwanza, kikatoka kizima. Miguu ya mama ikaonekana mlangoni. Akachemsha cha pili, kikatoka kizima, mikono ikaonekana. Alipokuwa akifunga cha tatu akaitazama mikono ile, na machozi yakadondoka kwenye unga. Kifuko kikapasuka majini.

"Mwanangu," sauti ikauliza, ikififia, "kabichi hukuikamua?"

"Niliikamua, mama. Ni machozi."

"Basi vile viwili vingali moto."

Akavila peke yake.

Ndiyo maana kwetu mwenye kulia huambiwa akalie uani kwanza, vifuko vikifungwa, halafu huitwa kula.

Yangu yameishia hapo, na sufuria imepoa.