Mkia wa Simba Usiokuwa Wake

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika nchi ya Mande, huko Magharibi ambako Uislamu ulifika pamoja na misafara ya chumvi, alikuwako mwindaji akiitwa Fajala. Alikuwa mtu wa swala tano na mkono mwepesi wa sadaka, na ukutani kwake ulining'inia mkia wa simba. Mkia huo ndio uliomnyima raha miaka saba.

Wawindaji wa nchi ile wana kinubi chao, kibuyu kikubwa kilichowambwa ngozi na kutiwa nyuzi sita. Hakipigwi ovyo. Mmoja wao akifariki, wenziwe hukusanyika, na mwimbaji hupiga wimbo wa kila mnyama mkali, akimwita kwa jina aliyemuua. Aitwaye husimama akacheza peke yake. Na ilikuwa itikadi yao kwamba auchezaye wimbo asioustahiki, mwaka haumwishii juu ya ardhi. Muumini anajua kuwa ajali yake iko kwa Mola wake, lakini hofu aliyonyonya mtu kwa mama yake haitoki kwa kuisomea mara moja.

Kwani Fajala hakumuua simba yule. Aliyemuua ni mwenzake Moriba, kwa mshale mmoja wa sumu, na simba kabla ya kukata roho akamrarua Moriba. Fajala alipofika aliwakuta wamelala pamoja, wote wameshakufa. Shetani naye hachelewi. Fajala akamsukumia mwenzake katika shimo lililochimbwa na muhanga, bila sanda wala swala, akafukia, akakata mkia. Kijijini akasema Moriba alipomwona simba alitupa upinde, akakimbilia nchi za watu.

Tangu hapo Nyeleni, mke wa Moriba, akawa si mke si mjane. Kisimani wenzake walimwita mke wa mwoga. Naye, Mola amrehemu, hakuwajibu ila neno moja: "Mungu anajua alipo."

Miaka saba Fajala aliikwepa mikusanyiko ya kinubi. Mwaka huu goti, mwaka ule safari, mwaka mwingine tumbo. Lakini mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mkuu wa wawindaji akafariki, na kukosa msiba wake ilikuwa ni kujitoa katika undugu wao. Fajala akaenda.

Baada ya alasiri watu wakafanya duara. Mwimbaji, jina lake Jemusa, akaanza na wimbo wa nyati, kisha wa chui. Shati la Fajala lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho. Alitafuta pa kutokea, akaona nyuma yake watu wamesimama safu tatu. Upande wa wanawake alikaa Nyeleni, mikono mapajani. Fajala akatamani afe kabla zamu yake haijafika, kisha akaogopa zaidi, maana akifa saa ile ataulizwa habari za Moriba, naye ana jibu gani?

Nyuzi zikabadilika. "Simba amelala," akaimba Jemusa. "Aliyemlaza yuko wapi? Fajala, mwana wa mama yetu, simama."

Akasimama. Akapiga hatua moja, mguu wa pili ukakataa. Watu wakadhani ni adabu. Jemusa akarudia jina lake. Hapo Fajala akajua kwamba akicheza atamzika Moriba mara ya pili, na akisema watamuua.

"Zuia nyuzi, Jemusa," akasema. "Wimbo huu si wangu, ni wa Moriba. Hakukimbia. Alimuua simba, na simba akamuua yeye. Mimi nilimfukia bila swala nikachukua mkia."

Kinubi kikanyamaza. Wawili wakamkamata mabega, na kisu kikatoka alani, kwa sababu katika undugu ule malipo ya kumsaliti mwenzio ni damu. Fajala akafumba macho, akatamka shahada.

Ndipo Nyeleni akaingia katikati ya duara, mahali ambapo mwanamke hakanyagi, wala hakuna aliyemzuia. "Mwacheni," akasema. "Yeye peke yake ndiye ajuaye kaburi la mume wangu."

Mwenye kisu akauliza, "Na akishatuonyesha, mama?"

"Akishatuonyesha, haki ni yangu, si yenu. Miaka saba namwomba Mola wangu nijue tu alipo Moriba. Leo amenijibu. Siwezi kumshukuru kwa kisu."

Wakaenda wote, Fajala mbele. Wakamswalia Moriba juu ya kaburi lake. Kisha Jemusa akaupiga wimbo wa simba mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyecheza. Nyeleni akalia kwa sauti, kama wanavyolia wajane.

Fajala aliishi miaka mingi baada ya hapo, akimlimia Nyeleni shamba lake kila masika, wala hakuwahi tena kuitwa katika duara.

Ndugu zangu, kila mmoja wetu ana sifa aliyovishwa na watu, na iko siku ataitwa kwa jina lake asimame nayo. Mola atujaalie tuivue hapa hapa duniani, maadamu tuliyemdhulumu yungali hai na anaweza kusamehe.