Chupa ya Viazi ya Mwalimu Catheline

Joto la Kyela halina huruma kwa viazi mviringo. Gunia lililoshuka kutoka milima ya Tukuyu likiwa gumu kama mawe, wiki mbili baadaye hutoa maji na kunuka. Mwalimu Catheline, mzaliwa wa Bukoba aliyehamishiwa kijiji cha Ngonga, huko huko Kyela, kufundisha hisabati, alichoka kutupa chakula. Ndipo Nancy, afisa lishe, alipomfundisha kuhifadhi viazi kwenye chupa, kwa sufuria ya presha.

"Vijidudu vya udongo havifi kwa maji yanayochemka tu," Nancy alimwonya, akigusa kipimo cha presha juu ya kifuniko. "Vikifungiwa ndani ya chupa hutengeneza sumu isiyo na harufu. Mshale ukifika hapa, hesabu dakika arobaini. Ukishuka, hata kidogo, anza upya."

Jumamosi moja, katika dakika ya ishirini na tano, gesi ilikatika. Mshale ukaanguka. Catheline akawasha mkaa huku jasho likimtiririka, na mshale ulipopanda tena, akahesabu dakika kumi na tano tu.

"Ishirini na tano na kumi na tano si arobaini?" alijiambia.

Vifuniko vilijibana sawasawa, na viazi viling'aa ndani ya chupa. Baada ya mwezi alimpelekea chupa moja Naomi, jirani yake mjane, aliyemuuguza malaria kama mwanawe wa kumzaa alipokuwa bado mgeni Ngonga.

"Ndaga fijo, mwanangu!" bibi alishukuru kwa furaha. "Leo nimepona kumenya."

Alivikatia kitunguu, akavikamulia limau, akavila na dagaa wa usipa bila kuvichemsha tena.

Kesho yake kope za Naomi zililegea. Mlango mmoja aliuona miwili, na ulimi ukawa mzito kama gogo. Hospitalini daktari aliuliza alikula nini. Catheline, aliyempeleka, alikuwa kando ya kitanda.

"Viazi vyangu," alijibu, na akaeleza yote, hadi ile hesabu yake.

Dawa iliagizwa kutoka mbali. Kabla haijafika, kifua cha Naomi kilisahau kupumua.

Baada ya mazishi Catheline alipiga magoti mbele ya Anyitike, mtoto pekee wa marehemu. "Mshale ulishuka, nami sikuanza upya. Nilijua, kaka. Niliambiwa."

Anyitike alimwinua, akawasindikiza waombolezaji wa mwisho hadi migombani, kisha akarudi.

"Mama alikupenda, mwalimu," alisema. "Sikulaani. Lakini usije tena kwetu. Nikikuona, namwona akishindwa kumeza maji."

Catheline aliondoka kichwa chini. Jumatatu aliingia darasani, akaandika swali la kujumlisha ubaoni, na mkono ukagoma kuandika jibu. Wanafunzi walimtazama mwalimu wao akilia, wasijue la kufanya. Ama kweli, mdharau mwiba, mguu huota tende.