Mlinzi Aliyeosha Jiko

Wapendwa, kabla sijafungua Kitabu niwape habari ya mlinzi mmoja. Msiniulize jina lake. Mkilijua mtaanza kumsema yeye, na leo sikuja kumsema yeye.

Mlinzi huyu alilinda mtambo wa kuchenjulia dhahabu, kule machimboni, mbali na nyumba za watu. Kazi ya pale wengine mnaijua. Mawe husagwa yakawa unga, unga ukalowekwa kwenye matenki ya maji yenye dawa kali, sumu ambayo kunguru akiionja hafiki mtini. Na kwa ajili ya sumu hiyo, watu walimwogopa hata mlinzi mwenyewe, ingawa hakuwahi kutia kidole tenkini. Jumapili alikuja kanisani na shati lililofuliwa, lakini kwenye benchi lake waliacha nafasi ya watu wawili huku na watu wawili kule. Wakati wa kupeana amani walimpungia mkono. Walimpungia, jamani, kama mtu aliye kwenye basi linaloondoka. Mkewe alikuwa ameshatangulia mbele za haki. Tangu amzike hakuwa amekula sahani moja na mtu.

Siku aliyoajiriwa, mwenye mtambo, mama mmoja mjane, mtu mzima, alimwonyesha jiko, kisima na kitanda, akamwambia, "Vyote hivi tumia, baba. Ila kile kiroba chini ya meza usikiguse."

Hakuambiwa kwa nini, naye hakuuliza. Siku moja upweke ulipomzidi akachungulia. Ulikuwa mkaa wa vifuu vya nazi, punje ndogo ndogo kama mahindi yaliyoparazwa. Akasema moyoni, matajiri nao wana mambo, wanaficha mkaa.

Basi ikaja masika. Asubuhi moja mvua ilikuwa ikimwagika tangu alfajiri, akaona mwanamke anakuja na vyungu vitatu kichwani, amelowa chapachapa, meno yanagongana. Alikuwa anapeleka vyungu vyake gulioni, na homa ilikuwa imemshika njiani.

"Hodi hapa. Nisitiri, baba, mvua imenipiga."

"Karibu, mama. Lakini hapa ni mtamboni. Watu hawapaogopi bure."

"Mimi naogopa baridi tu leo." Akatua vyungu, akatazama yale matenki. "Na wewe unalinda nini hapa? Mawe yasikimbie?"

Mlinzi akacheka mpaka akashangaa sauti yake mwenyewe.

Alitaka kumpikia uji. Kuni zilikuwa zimelowa, zinatoa moshi na kutokwa povu. Mgeni anatetemeka. Wewe ungefanyaje? Alichota bakuli moja tu kwenye kile kiroba, akamwaga jikoni, akapepea na mfuniko. Mkaa ukashika, mwekundu, hauna moshi. Uji ukaiva, wakanywa kwa zamu kikombe kimoja, kwa sababu nyumba ya mtu mmoja ina kikombe kimoja. Mvua haikukatika, na mazungumzo nayo hayakukatika. Mgeni akasimulia habari za mwanawe aliyeoa bila kuaga, mlinzi akasimulia ya marehemu mkewe, na kila moto ulipofifia akachota bakuli jingine. Mpaka saa sita kiroba kilikuwa kitambaa tu.

Mvua ilipopungua mgeni akajitwika vyungu, akanyoosha mkono.

"Mkono wangu watu wanasema una dawa, mama."

"Na wangu una udongo. Lete."

Mlinzi akampa mkono. Alibaki mlangoni akiutazama mkono wake mpaka yule mgeni akapotea bondeni.

Hajakaa sawa, simu ikalia. Ni fundi wa mtambo. "Mzee, kile kiroba kipo? Mama mwenye mtambo anakuja alasiri. Ule mkaa ndio ulionyonya dhahabu yote ya matenki, jasho lake la mwaka mzima limo mle."

Mlinzi akasema, "Kipo."

Neno moja hilo. Kisha akakaa chini. Dhahabu yote ya mjane yule, ameipikia uji. Atafukuzwa, na aende wapi, mtu ambaye hata kanisani hakaliwi karibu? Akaona bora aseme wezi walikuja. Na ili wezi waaminike, akainuka akafanya usafi ambao hakuwahi kuufanya tangu aajiriwe. Akazoa majivu yote, hata yaliyodondokea sakafuni. Akayapeleka mtoni kwenye ndoo, na mto ulikuwa umefurika, unakokota mpaka magogo. Akamwaga. Akaosha ndoo, akaosha jiko kwa mchanga mpaka likang'aa, akafuta nyayo zake.

Alasiri mwenye mtambo akafika, na karai kubwa la chuma mkononi na dumu la mafuta ya taa. Mlinzi alikuwa amejipanga kusema habari za wezi. Lakini yule mama alimsalimia vizuri, akamuuliza kama paa halivuji, na ule uongo akauacha. Akapiga magoti.

"Mama, nimekukosea. Mkaa wako nimeuchoma. Alikuja mgeni ana homa, kuni zimelowa, nikaona mkaa ni mkaa."

Mama akashtuka. "Mmeupikia? Tumbo halijawasumbua? Kichwa je? Tuliuosha, lakini si wa kupikia ule."

"Wazima, mama."

"Mungu ashukuriwe. Basi inuka. Hukujua."

"Dhahabu yako nimeiteketeza."

"Nani kakwambia? Moto unakula mkaa, dhahabu hauiwezi. Leo nimekuja kuuchoma mimi mwenyewe, ndiyo kazi ya karai hili. Dhahabu inabaki kwenye majivu. Umenipunguzia kazi tu." Akatazama jikoni. "Majivu umeyaweka wapi?"

Ndugu zangu, mlinzi akageuza uso upande wa mtoni. Mama akaliona lile jiko linavyong'aa. Akageuka akausikiliza mto. Akaketi polepole kwenye benchi, karai mapajani, na mlinzi alikuwa bado yuko magotini.

Sasa niambieni, ni lini aliipoteza ile dhahabu? Alipowasha moto? Hapana. Aliwasha kwa ajili ya mgonjwa, tena alikuwa ameshasamehewa kabla hajamaliza kuungama. Aliipoteza alipokuwa anasafisha. Huyu mama angemkuta mlinzi amekaa kando ya jivu lake analia, wangelipepeta pamoja, wakacheka.

Nasi ndivyo tulivyo. Tukikosa tunakimbilia ndoo na mchanga. Tunamwogopa Mungu kana kwamba anakuja na fimbo, kumbe amekuja na karai. Anauliza majivu, sisi tunamwonyesha jiko safi.

Wala msidhani nawasema ninyi. Mimi sikusoma sana, lakini hili nalijua kwa kulitenda. Miaka tisa iliyopita nilimsingizia mwenzangu wa kwaya jambo ambalo hakulifanya, akahama kanisa hili kwa aibu. Nikanyamaza. Jina lake likitajwa nabadili mazungumzo. Ninyi mkaniona mtu wa amani, mkanipa na mimbari. Nimeosha, wapendwa, nimeosha mpaka panang'aa.

Anakaa ng'ambo ya bonde, karibu na mashine ya kukoboa. Kesho asubuhi nitakwenda kumpigia hodi. Huenda asinifungulie. Na wewe, utakwenda kwa nani?