Ratili ya Sita

Imepokewa katika habari za waja wema wa zamani, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa Iraki, kando ya mto, alikuwako mwanamke mchamungu akiitwa Lubaba binti Shuraihi, msokota nyuzi za pamba. Alifunga Jumatatu na Alhamisi, aliamka usiku kusali, na ulimi wake haukuchoka kumtaja Mola wake. Mumewe alikuwa mwashi. Siku moja aliteleza juu ya ukuta wa watu akaanguka, uti wa mgongo ukavunjika, na tangu hapo chakula cha nyumba ile kilitoka katika vidole vya Lubaba na si kwingine.

Alifanya kazi katika karakana ya tajiri mmoja, yeye na wanawake wengine arobaini. Desturi yao ilikuwa hivi: kila mtu huchota pamba kwenye lundo kadiri apendavyo, husokota hapo mchana, humalizia nyumbani, na Alhamisi asubuhi huleta uzi wake mizanini. Tangu enzi za mama zao kila msokotaji alileta ratili tano kwa juma, ratili ikiwa ndiyo kipimo cha uzito cha siku zile. Aliyeleta tano hakuulizwa neno.

Ukaja mwaka wa mafuriko. Mto uliingia mitaani, na kuta za udongo zikanyonya maji mpaka usawa wa kifua. Juma lile mumewe Lubaba alizidiwa, naye Lubaba akakaa juu ya msala wake akiomba riziki pana, kwa machozi hasa. Alhamisi wenzake karibu wote walishindwa kutoka majumbani. Yeye alivuka maji na furushi kichwani, akafika, akaweka uzi mizanini. Mizani ikasema ratili sita.

Msimamizi wa karakana alikuwa mwanamume mmoja akiitwa Maisara. Hakuwa mtu katili. Alikuwa mwoga wa kupoteza cheo chake, na siku nyingi alikuwa akitafuta jambo la kumfurahisha tajiri. Alipima mara ya pili, akapima mara ya tatu, kisha akakimbia kutoa habari. Juma lililofuata wakatangaziwa kwamba kiwango sasa ni sita, kwa kuwa Lubaba mwenye mgonjwa ndani ameweza, na atakayepungukiwa Alhamisi tatu mfululizo atachukua vyake aende.

Na Lubaba je? Lubaba alisujudu sijida ya shukrani. Hakuwa na shaka hata chembe kwamba ile ratili ya sita ni baraka, jibu la dua yake, imeshuka kutoka mbinguni ikaingia katika furushi. Na kwa kuwa alikuwa mtu mwema, hakutaka kuila baraka peke yake. Wenzake walipolia kwamba sita haziwezekani, aliwapa nasaha. Aliwaambia wazidishe istighfari, yaani kumwomba Mungu msamaha, waamke usiku, watazame sala zao zina kasoro gani. Kabla ya Alhamisi ya tatu wakaanza kuleta sita, mmoja baada ya mwingine, naye akamhimidi Mungu kwamba nasaha yake imewaingia.

Asiyeleta sita alikuwa mmoja tu, mjane akiitwa Hujaima, mwenye watoto watatu. Alikuja kwa Lubaba baada ya Alhamisi ya pili, akamwonyesha vidole vilivyopasuka, akamwambia mikono yake imefika mwisho wake. Lubaba alimtazama kwa huruma, ile huruma ya mtu aliyesimama juu ya ngazi, akamuuliza kama Alfajiri huwa anaisali kwa wakati. Hujaima akavificha vidole vyake, akaondoka. Alhamisi iliyofuata akatolewa.

Kisha maji yakakauka. Jua la kiangazi likapiga kuta za nyumba ya Lubaba mpaka zikapasuka, na Alhamisi moja uzi wake ukawa ratili tano. Alistuka kama aliyepigwa kofi na mtu asiyemwona. Akaongeza rakaa za usiku, akapunguza kula, akasokota mpaka vidole vikafa ganzi. Alhamisi ya pili, tano tena. Maisara alimwita pembeni akamwambia kwamba yeye binafsi anamheshimu, lakini sheria haina shangazi, na ikifika ya tatu hatakuwa na la kufanya. Lubaba akarudi nyumbani akijiuliza ni dhambi gani aliyoitenda hata akanyang'anywa neema.

Siku moja kabla ya Alhamisi ile ya tatu, msokotaji mmoja akiitwa Ummu Kaisi, mwanamke mnene mwenye maneno mengi, alimvuta nyuma ya lundo la pamba.

"Bi Lubaba, wewe unatafuta kufukuzwa?" akamuuliza. "Mbona siku hizi unaleta uzi mkavu?"

Lubaba hakuelewa. Akauliza, kwani uzi si huwa mkavu siku zote?

Ummu Kaisi akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha akaona uso wa mwenziwe, na kicheko kikamkatikia kooni. Akamweleza taratibu, kama mtu anayeeleza msiba. Kwamba wote huulaza uzi ndani ya kapu la matete lililoloweshwa, huku kitambaa kibichi kimefunikwa juu, na asubuhi ratili tano huwa sita. Kwamba Maisara hutazama mizani tu, uzi haugusi. Kwamba nani angeweza kusokota sita, labda mwenye mikono mitatu.

"Na tumejifunza kwako," akasema. "Uzi wako wa mafuriko mimi niliushika, ulikuwa unatota. Nikasema, kumbe mcha Mungu naye ana akili. Zile hotuba zako za istighfari tulidhani ni za kumpumbaza Maisara."

Lubaba akaketi juu ya pamba. 

Kisha akauliza habari ya Hujaima, kwa nini yeye asifanye kama wenzake. Ummu Kaisi akainamisha macho. Akasema walimfundisha naye, akakataa. Alisema hauzi maji kwa bei ya pamba, hata watoto wakilala na njaa. Na kweli, akasema Ummu Kaisi, siku hizi wanalala na njaa.

Lubaba alitoka pale hasikii anayemsalimia njiani. Lakini mtu akiwa na imani hujitetea mpaka mwisho, naye moyoni alikuwa bado anatafuta mlango wa kutokea. Alichukua uzi wake wa juma lile, akaenda kwa jirani muuza tende akaazima mizani. Ratili tano. Akaunyunyizia maji, akaufunika, akangoja mpaka Laasiri, akapima. Ratili sita kamili, na ukiutazama kwa nje hujui kitu.

Alibaki ameshika kamba ya mizani, kinywa wazi, mpaka muuza tende akamuuliza kama ameumwa na nge. Miezi minane alikuwa akilishukuru tope la ukutani, lililoulowesha uzi wake uliolala kando. Miezi minane amewahubiria watu kwa ndoo ya maji. Na yule mwanamke mmoja tu aliyekuwa mkweli kuliko wote, huyo ndiye aliyeulizwa na Lubaba habari za sala yake.

Akarudi nyumbani na uzi wake, akamweleza mumewe yote. Yule bwana alisikiliza akiwa chali, macho darini. Uzi wenye maji ulikuwa pale mlangoni, ratili sita, na kesho ilikuwa Alhamisi ya tatu. Wote wawili waliutazama. Lubaba akamuuliza afanye nini.

"Usiniulize mimi," akasema mumewe. "Mimi nina njaa, na mwenye njaa hatoi fatwa. Ukiupeleka hivyo ulivyo tutakula. Ukiuanika, sijui."

Shetani hakumwambia Lubaba aibe, maana angemjua upesi. Alimwambia apeleke uzi mbichi Alhamisi hii moja tu, kwa ajili ya mgonjwa, kisha atubu toba ya kweli juma lijalo akiwa na kazi yake. Akaona maneno hayo yana ladha ya nasaha zake mwenyewe. Akanyanyuka, akautandaza uzi juu ya dari, juani, na jua lilipotua ukawa mkavu kama mwanzo.

Asubuhi ya Alhamisi alimkuta tajiri mwenyewe karakanani, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Amesimama kando ya mizani, uso umekunjamana, na Maisara amekuwa wa rangi ya majivu. Wafumaji walikuwa wamelalamika. Uzi unaopokewa karakanani kwa ratili sita ukifika ghalani unakuwa tano, na tajiri alikuwa ameapa kwa Mwenyezi Mungu, mbele ya watu sokoni, kwamba ratili inayokosekana inaibwa na Maisara. Siku hiyo alikuja kumfukuza.

Lubaba alikuwa wa kwanza. Akaweka uzi wake. Tano. Maisara, kwa sauti isiyotoka vizuri, akasema hii ni ya tatu, na sheria anaijua.

"Naijua," akasema Lubaba. "Nipe maji kidogo kabla sijaondoka."

Wakadhani saumu ya Alhamisi imemshinda kwa kiu. Akaletewa kata ya maji, akaunyunyizia uzi mbele yao, akaugeuza, akaunyunyizia tena, akaurudisha mizanini. Mkono wa mizani ukalala upande wa uzi. Maisara akaongeza jiwe la sita, na mizani ikalingana.



"Siku ya mafuriko mlinisifu," akasema Lubaba. "Nilileta ratili tano za uzi na moja ya maji ya mto. Mimi sikujua, lakini sikuuliza pia, kwa sababu sifa zilikuwa tamu. Nikayaita maji baraka. Mkawekewa kiwango kwa ajili yangu, na mlipolia nikawaambia hamsali vizuri. Kiwango hiki hakijafikiwa na mtu hata mmoja, tangu siku ya kwanza, na mimi nikiwemo. Nisameheni."

Wanawake wote walisimama na mafurushi yao yaliyolala kapuni, hakuna anayethubutu kumtazama mwenziwe. Mmoja akanong'ona kwamba huyu ameumwaga mkate wa watu wote ili asafishe roho yake. Tajiri akauliza ni nani mwingine aliyeleta uzi wenye maji. Akauliza tena. Ndipo Ummu Kaisi akasogea mbele, akalibwaga furushi lake chini, likatoa mlio kama wa nguo iliyotoka kufuliwa.

"Wangu una maji tangu Rajabu," akasema. "Na msinikodolee macho, wenu nao nauona unachuruzika."

Mafurushi yakateremka moja moja. Tajiri akayashika kwa mkono wake, hili na hili na hili, kisha akakaa juu ya gogo la mizani, akashika kichwa. Hakuwaza pamba. Aliwaza kile kiapo cha sokoni, kwamba amelitumia jina la Mola wake kumwita mwizi mtu asiyeiba. Alimwomba Maisara radhi pale pale, mbele ya wafanyakazi, na wenye kuliona jambo lile walisema walistuka kuliko kwa uzi wote. Maisara alilia kama mtoto. Huyu naye, miezi yote ile, alikuwa akiwatisha wenzake kwa upanga uliokuwa juu ya shingo yake mwenyewe.

Kisha tajiri akatoa amri. Kiwango kirudi ratili tano, uzi uanikwe uani kabla ya kupimwa, na Alhamisi zote zilizohesabiwa kwa uongo zifutwe kwa wote. Akamwambia Lubaba akae mahali pake. Lubaba akasema hatakaa mpaka Hujaima akae kwanza, na tajiri akamruhusu amwite.

Alimkuta mtoni, akifua nguo za watu. Mikono ilikuwa myeupe kwa maji na mipasuko imefunguka tena. Lubaba akasimama kando yake, akasema yote bila kujipamba: uzi, mafuriko, makapu, na swali lile la Alfajiri. Akamwambia mahali pake karakanani pako tayari. Hujaima hakuacha kufua. Alikamua kanzu ya mtu, akaitandika juu ya jiwe, ndipo akanyanyua uso.

"Watoto wangu waliniuliza ni kosa gani nimefanya," akasema. "Nikawaambia sijui. Baadaye nikaanza kudhani kweli Mungu hanitaki. Hilo ndilo ulilonifanyia, Bi Lubaba. Kazi ni kitu kidogo."

Lubaba akainama kando ya jiwe. Miaka yote ya kuhesabu tasbihi, hakuwahi kujua kwamba inawezekana kumnyang'anya mtu kitu kama hicho kwa maneno mazuri.

"Nimekusamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu," akasema Hujaima, akijifuta mikono. "Kesho nitakuja. Lakini tangu leo, mtu akikwambia mzigo wake mzito, kwanza unyanyue wewe mwenyewe. Ukishaujua uzito wake, ndipo umwombee."

Wanasema Lubaba aliishi miaka mingi baada ya hapo, akifunga na kusali kama zamani, na hakuacha kuwaombea wenzake. Ila aliyekuja kwake na shida alimkuta kwanza akiuliza: umekula nini, umelala wapi, kipimo walichokupa kimetoka kwa nani.

Wapo katika sisi wanaopata wakadhani wamependwa, na wakimwona mwenzao amekwama wakamtafutia dhambi. Ewe Mola, utukinge na kiburi kinachovaa kanzu ya ibada, uwape nafuu wanaoamka na hofu ya kukosa kazi yao, na utujaalie kusema kweli wakati ambapo kweli ina gharama. Amina.