Muhogo Mchungu wa Nyumba Tatu

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipokuwa na majiko na majirani wambea kama sisi, njaa iliingia ikakaa. Mashambani ukabaki muhogo mchungu tu, ule wenye sumu. Sikilizeni, na wewe toa kidole mdomoni.

Aliyejua kuutoa sumu muhogo ule alikuwa Bi Somoe, pimbi mjane, mwili mdogo na watoto tele. Fisi akamjia, akamtaka amfundishe kazi yote siku hiyohiyo. Hakusema baadaye ingekuwaje. Aliwatazama watoto tu, akameza mate.

Bi Somoe akaelewa: Fisi akishaijua kazi yote, wao ni kitoweo. Hakukataa. Anayemkataa fisi mlangoni ni mjinga. Aliomba akaazime kisu, akatokea uani.

Akamfundisha Kindi kumenya, basi. Akamfundisha Kenge wa bwawani kuloweka. Akamwachia Panya Buku kuanika na kutwanga. Akawaagiza kila mmoja ashike kipande chake, na kabla ya yote aseme kwamba hii ni sehemu. Kazi ni moja na jina lake moja, ila imekaa nyumba tatu.

Aliporudi akamwambia Fisi, "Baba, kazi haikai hapa tena. Anzia kwa Kindi."

Kindi akamenya mbele yake, muhogo ukatoka mweupe pe.

"Hii ni sehemu, mzee. Kazi haijaisha. Imebaki kwa Kenge na kwa..."

"Nyamaza. Wanawake mna maneno. Nimeshaona."

Fisi akajitwika tenga zima la muhogo ule uliomenywa, akachemsha, akala. Kwanza midomo ikamwasha. Halafu kichwa kikamzunguka, akawa anajigonga kwenye miti, pu, pu, hadi kwa Bi Somoe, akamuuliza amemtilia nini.

"Sijakutilia kitu. Uliambiwa haijaisha. Umeona mlango mmoja, ukadhani umeingia nyumba zote."

Fisi akafia pale kizingitini. Hakuna aliyepiga vigelegele. Walimzika kwanza. Kisha Kindi akamenya upya, Kenge akaloweka mpaka ukalainika, Panya Buku akaanika, akatwanga. Bi Somoe akausonga ugali mmoja, na watoto wakala wakalala wazima.

Basi, anayeshika kipande akakiita kizima, hujichimbia kaburi.