Ufunguo wa Ukurasa wa Uyoga

"Asemaye sijui, mpe ufunguo."

Mmeisikia methali hiyo leo kikaoni, katekista alipoitamka tukimchagua mtunza stoo wa kigango, nanyi mkabaki mnaulizana: ufunguo gani, na kwa nini apewe mtu asiyejua? Basi kaeni. Asili yake ni hii, na waliohusika niliwafahamu wote.

Huku kwetu Mufindi, mvua za kwanza zikinyesha watu huingia msituni kuchuma uyoga. Upo unaoliwa na upo unaoua, na mara nyingine hufanana kama mapacha. Waliojua kuutofautisha walikuwa wazee, na wazee walikuwa wanakwisha. Ndipo Onorata Kalinga, muuguzi wa zahanati, na Aloisi Luvanda, mpimaji ardhi mstaafu, wakafungua tovuti ya kuyahifadhi maarifa hayo. Familia za vijiji vyetu ziliweza kuisoma kwenye simu. Kuandika, kuweka picha au kusahihisha alichoandika mwenzako, hilo lilikuwa la wachache waliopewa neno la siri. Neno hilo wakaliita ufunguo.

Mwanzoni walikuwa wao wawili na wazee wachache waliokuwa wakiwasimulia. Kisha wazee wale wakaanza kufariki, na kurasa nyingi zikabaki na kichwa tu bila maelezo. Aloisi akasema waongezwe waandishi.

"Tukiufunga mlango mno, haya maarifa yatatufia mikononi," alisema.

"Na tukiufungua ovyo?" Onorata akamjibu. "Kosa la maandishi utalifuta, Mzee Luvanda. Uyoga ukishaliwa, utaufutaje?"

Wakakubaliana kwamba anayetaka kuingia aonyeshwe picha, aeleze anachokiona. Wakaja wawili. Wa kwanza alikuwa Zakayo Mhema, mchumaji hodari ambaye uyoga wake ulikuwa ukigombewa sokoni. Wa pili alikuwa Valeria Chengula, mwalimu wa shule ya msingi, aliyefundishwa uyoga na bibi yake tangu utotoni.

Miongoni mwa picha zile ilikuwamo moja iliyomshinda hata Onorata. Uyoga mchanga, mweupe, umepigwa picha kutoka juu, shina halionekani. Hakuiweka kama mtego. Alitumaini mmoja wao angeutambua.

Mhema hakusita. "Huo ni wa kichuguu, haujafunguka tu. Unaliwa."

Valeria aliishika simu kwa muda, akaisogeza karibu na macho, akairudisha. "Huu sijui. Shina silioni, wala ardhi ulikoota siioni."

Walipobaki peke yao, Aloisi alisema, "Tunatafuta wajuzi. Wa kutuambia sijui tunao tele." Onorata alikubali, maana hata yeye alikuwa amevutiwa na ule wepesi wa Mhema. Wakampa Mhema ufunguo. Valeria akaambiwa angoje kwanza, ajifunze zaidi.

Mhema aliandika kwa bidii, na mengi aliyoandika yalikuwa sahihi. Ile picha nayo akaipandisha kwenye ukurasa wa uyoga unaoliwa. Hakuna aliyeigusa. Nani angemsahihisha Mhema?

Msimu wa mvua uliofuata, mkwe wa Aloisi alichuma uyoga mweupe nyuma ya nyumba. Akaulinganisha na picha ile kwenye simu yake, akauona ni wenyewe, akaupika. Aliyekula sana ni mke wa Aloisi, Mama Eufrasia, kwa kuwa aliupenda uyoga kuliko nyama. Wote waliugua. Mkwe na Aloisi walipona hospitalini. Mama Eufrasia tulimzika.

Baada ya mazishi Onorata aliifuta picha, akamwita Mhema nyumbani kwa Aloisi. Mhema alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Kamwene," aliwasalimu.

Aloisi aliitikia, akamwonyesha kiti. Kisha akamuuliza, "Ulijuaje kwamba ni wa kichuguu?"

"Sikujua, Mzee. Nilidhani."

"Mbona hukusema?"

Mhema aliinamisha kichwa. "Mlikuwa mnanitazama. Nami niwaulize, kwa heshima: ningesema sijui, mngenipa ufunguo?"

Onorata alimtazama Aloisi. Nje watu waliokuja kutoa pole walikuwa wakiongea kwa sauti ya chini, na humo ndani jibu walilijua wote. Aliyesema sijui walikuwa wamemrudisha.

Mhema alinyang'anywa ufunguo siku ile. Kesho yake Onorata alikwenda shuleni kwa Valeria kumwomba aingie.

"Na nikikutana na nisichokijua tena?" Valeria aliuliza.

"Uandike hivyohivyo, hujui. Watu wasome hivyo, wauache porini."

Tangu hapo ikawa desturi: mgeni hapewi ruhusa ya kuandika anachokijua mpaka kwanza aandike ukurasa wa asichokijua. Wengine waliondoka wakinung'unika. Waliobaki ndio wanaoiandika mpaka leo.

Miaka ilipita, Mhema akaja tena kwa Aloisi kuomba kurudishwa. Aloisi alikwenda uani akarudi na uyoga mmoja, mzima na mzizi wake, akamwekea kiganjani. Mhema aliugeuza, akaunusa, akalichunguza shina kwa ukucha.

"Huu siujui, Mzee," alisema hatimaye.

Aloisi alimwinamia sikioni akamtajia lile neno la siri. Kisha akavuta kiti, wakakaa.

Ndiyo maana husemwa, wanangu: asemaye sijui, mpe ufunguo.