Aliyezidi Uwanjani Siku ya Idi

Hapo zamani, katika mji ambao jina lake uzee umenisahaulisha, alitawala Sultani aliyependa safu zilizonyooka kuliko alivyopenda chakula. Kila Idi watu wake elfu moja na nane walisimama uwanjani kwa safu saba zilizolingana, imamu mbele yao, na Sultani kando ya imamu, juu ya zulia, chini ya mwavuli.

Mwaka huo akatokea na Ngwali, mchota maji, fukara, ambaye tangu matanga ya mkewe, Bi Mize, hakuonekana penye watu. Akasimama nyuma, peke yake.

"Nani huyo aniharibiaye safu?"

"Ni mimi, Maulana. Hata marehemu alisema nikiingia jikoni, chumvi huzidi."

Waziri akawapanga safu nane. Akabaki mmoja, Ngwali. Akawapanga tisa, akabaki mmoja, Ngwali yuleyule. Watu wakacheka, naye akacheka nao.

Sultani akaghadhibika, lakini alimwogopa Mungu, hakuthubutu kumfukuza mtu kwenye sala. Basi akasema, "Wapange wewe. Safu zilingane, asisalie mtu. Ukishindwa, sala ikiisha uhame mji huu."

Ngwali akaacha kucheka. Kaburi la Bi Mize lilikuwa katika mji huo, na kila Ijumaa alilinyunyizia maji na kulisomea Yasini.

"Safu moja, Maulana."

Ikawa safu moja, hata watu wa mwisho wakajikuta katika zizi la mbuzi, wakapiga kelele, "Huku imamu wetu ni beberu!"

"Ziwe zaidi ya moja, mpumbavu wee! Wala sitaki mtu kusimama pekee!"

"Basi, Maulana, elfu moja na tisa haina dawa. Haikubali kugawanywa ila kwa moja na kwa nafsi yake. Ni kama mkate wangu siku hizi: naugawa kwa moja, fungu nampa Ngwali." Akafuta uso. "Ila yupo mtu ambaye hajahesabiwa."

"Aletwe!"

"Yuko juu ya zulia."

Waziri akatazama vidole vya miguu yake. Imamu akakohoa, akasema taratibu, "Wa kutangulia mbele ni mimi tu, Maulana."

Sultani akafunga mwavuli, akashuka. Ikawa elfu moja na kumi: safu kumi, watu mia na mmoja kila safu. Nimehesabu mara tatu, maana sikusoma sana. Na nafasi iliyobaki ilikuwa safu ya mwisho, ubavuni mwa Ngwali.

"Sogea, mharibu safu."

"Nisogee wapi, Maulana? Tumetimia."

Sultani akacheka hata imamu akangoja kupiga takbiri.

Ijumaa iliyofuata watu waliona mitungi miwili ikienda makaburini. Mmoja aliubeba Ngwali. Wa pili, aliyeubeba hakuzoea kazi hiyo, akafika kwa Bi Mize mwavuli kwapani, amelowa hadi kiunoni. Mwenyezi Mungu awarehemu wote watatu.